Radhi kwa Niaba ya Nduna Kipara

1

Osmunda Ngonyani alijua kwamba maji yamezidi unga pale mlinzi wa geti la karakana, mtu aliyehamia Iringa kutoka Dar na ambaye maishani mwake hajacheza mchezo wowote zaidi ya drafti, alipomfungulia huku akimtazama kama mtu aliyefiwa.

"Pole, dada," akasema. "Lakini na nyie mmezidi. Marehemu anaigizwa mbele ya mjane wake? Hata shetani ana adabu zake."

"Umeiona wapi?"

"Nani hajaiona? Mama mkwe wangu kanitumia, na wala hana miwani ya kuchezea."

Osmunda akavuta sweta, akapita.

Klipu yenyewe ilikuwa fupi. Ilionyesha matanga ya Gaudensi Kikoti, mkazi wa siku nyingi wa Njiapanda. Njiapanda ni mji usiokuwepo popote ila ndani ya mchezo wa Karakana ya Kitwiru. Watu huvaa miwani wakaingia, wakajenga nyumba, wakafanya biashara, wakapigana na majambazi wa darajani kila msimu wa mavuno, na wengine wamekaa humo miaka mingi hata majirani wa humo wamekuwa majirani kweli. Nje, Gaudensi alikuwa Mhehe, fundi wa misumeno huko Mafinga. Ndani alikuwa mwoga maarufu, wa kwanza kupiga kelele za vita na wa kwanza kuvuka mto akikimbia. Figo zilipomshinda na akafariki, mkewe Paskalina alimzika Mafinga, kisha akaingia Njiapanda, akatandika mkeka uwanjani ili na majirani wa huko nao wamlilie, na wakazi wakaja kuketi naye.

Ndipo akatokea Nduna Kipara. Huyu hakuwa mtu, alikuwa mhusika wa mchezo, mzee wa Kingoni mwenye kichwa kinachong'aa na mdomo usio na pazia. Alikuja amevaa kofia ya marehemu, akiburuta mguu wa kushoto kama marehemu alivyokuwa akiuburuta, akashuka ndani ya kaburi la mfano lililochimbwa pale uwanjani, akajilaza chali.

"Sitoki!" akafoka, na sauti ilikuwa ya Gaudensi mwenyewe, kwa kuwa mji ule ulikuwa umeisikia kwa miaka. "Paskalina, ugali gani ule na mboga haina chumvi? Mmesema figo, mimi nasema mapishi! Nileteeni kuku, la sivyo sitoki humu. Na majambazi wa darajani waambieni wasinitafute. Safari hii nimekimbia mpaka mbinguni!"

Paskalina akajifunika uso kwa kanga. Mabega yakamtikisika. Klipu ikaishia hapo.

Kwa mtu wa Songea au wa Iringa hapo hakuna cha ajabu. Wangoni na Wahehe walipigana enzi hizo mpaka wakachoka, na vita vilipoisha kukabaki utani. Mtani hufika msibani kwako bila kualikwa, akavaa nguo za marehemu, akamwigiza, akalala kaburini mpaka apewe chochote ndipo atoke. Amepewa haki hiyo kwa sababu kuna siku wenye msiba hawana nguvu ya kucheka, na lazima mtu mwingine aje kuwachekea.

Osmunda ndiye aliyemlea Nduna, na kulea ndilo neno lenyewe. Wahusika wa Njiapanda hawaandikiwi maneno ya kusema. Kila mmoja huanza mtupu, akapewa mlezi wa kukaa naye, kumsimulia, kumkaripia, kumwuliza "kwa nini umesema vile?" hadi siku moja anaanza kuamua mwenyewe na mlezi anabaki kushangaa. Osmunda alimlea Nduna kwa visa vya wajomba zake, Wangoni wa Peramiho, kwa sauti zilizorekodiwa misibani, kwa matusi yote matamu ambayo Mngoni humtukana Mhehe na Mhehe akamrudishia. Somo alilolirudia kuliko yote lilikuwa hili: penye kilio cha Mhehe, nenda, usingoje kuitwa. Nduna akaenda.

Basi kosa la Osmunda lilikuwa moja, na kwa kweli ni kosa ambalo mtu wa kwao tu angelifanya. Alidhani matanga ni matanga. Msibani nyumbani, anayetazama ameketi kwenye mkeka mmoja na wewe, na asipoelewa atamnong'oneza jirani. Mchezoni anayetazama husimama pembeni akirekodi. Wala hakuweka maelezo yoyote, maana utani ukishauwekea maelezo umeuua.

Mashabiki wakaja juu. Waliandika kutoka Kinshasa na Kampala, kutoka Mombasa na kutoka vyumba vya kupanga vya Sinza. *Mmeiba sauti ya marehemu mkaifanyia mzaha. Mmemliza mjane mkamrekodi. Mfuteni huyo kipara au tunahama mji.* Mmoja alichora nembo ya karakana ikiwa na fuvu. Wengine, wapole zaidi, waliuliza tu: nani alimtuma?

Na Osmunda, badala ya kunyamaza, akajibu. Alikuwa na hasira, na hasira hasara. Aliandika hadharani kwa jina lake: "Usilolijua ni usiku wa giza. Ulizeni kwanza kwa wazee wenu, halafu mje mtufundishe adabu."

Ilikuwa kama kumwagia moto mafuta ya taa. Waliokuwa wamekasirika wakawa wamedharauliwa, na uchungu wa kudharauliwa hudumu kuliko hasira. Kabla chai ya saa nne haijanywewa, sahihi zilikuwa zimetosha, na Baraza la Majibu, ambako makampuni huhojiwa mbele ya umma, likaiita Karakana ya Kitwiru ije ijieleze.

2

"Mimi ni Mbena, mtani wenu pia," alisema Eliakimu Mgaya, mkurugenzi, akiwa amesimama dirishani na mikono mgongoni. "Unafikiri sijui? Siku tunamzika baba, Mngoni mmoja alinivua viatu makaburini, nikarudi nyumbani pekupeku. Nilicheka mpaka nikalia, na ndiyo mara ya kwanza nililia tangu mzee afe. Kwa hiyo usinihubirie, Osmunda. Mimi naelewa. Lakini mimi siye ninayekuhoji."

"Basi tuwaeleze hivyo hivyo ulivyosema."

"Waelezwe nini? Wamekwisha kukasirika."

Mtu wa tatu chumbani alikuwa Twaha Mselemu, Mtanga mpole mwenye sauti ya kubembelezea mtoto, na kazi yake ilikuwa kuwashonea majibu wanaoitwa barazani. Juu ya meza mbele yake palikuwa na bangili ya Baraza, pana, nyepesi, ya rangi ya buluu.

Bangili hizo zililetwa na watu wenyewe. Walikuwa wamechoka kudanganywa na makampuni, kila siku "tunasikitika" na "tunalifanyia kazi", wakashinikiza mpaka ikatungwa sheria: anayejibu mbele ya umma atavaa bangili inayosikiliza damu na jasho lake, na akitamka asichokiamini, bangili itageuka nyekundu kila mtu aone. Mwanzoni wakubwa waliumbuka vibaya sana. Wananchi wakashangilia, wakasema uongo umekufa. Haukufa. Ulikwenda kujifunza ushonaji.

"Vaa," Twaha akasema. "Tujaribu. Sema baada yangu: hakuna mtu yeyote katika karakana yetu aliyemwagiza Nduna aende kwenye matanga ya marehemu Kikoti."

Osmunda akafikiri. Ilikuwa kweli. Nduna alikwenda mwenyewe. Akatamka, bangili ikabaki buluu.

"Hakuna aliyemwagiza aigize sauti ya marehemu."

Buluu.

"Nduna ni mashine, na mashine haijui uchungu wa kufiwa."

Osmunda akaanza kutamka, na kabla hajamaliza rangi ikaingia uzambarau. Twaha hakukunja hata uso. Alikata sentensi kama fundi anayepunguza pindo. "Sema: kwa mujibu wa sheria, Nduna ni mashine."

Buluu.

"Unaona? Hujasema uongo hata mmoja."

"Lakini yote pamoja ni uongo."

"Yote pamoja hayapimwi," Twaha akasema kwa upole. "Dada yangu, nikuwekee wazi. Ukisema mlikusudia, kanuni ina jina lake: dhihaka ya makusudi kwa marehemu. Leseni inafutwa, karakana inafungwa, na wewe hutalea mhusika mwingine maisha yako yote. Ikionekana ni hitilafu, anafutwa Nduna peke yake, na wengine mnaendelea na kazi."

Osmunda akamtazama Eliakimu, na Eliakimu akaendelea kutazama nje, ambako wachoraji na mafundi wa sauti walikuwa wamejikusanya kwenye kijua cha asubuhi, wakijifanya wanazungumza mambo mengine.

"Nataka nimpigie Mama Kikoti kwanza," Osmunda akasema. "Yeye ndiye mwenye msiba. Hawa wote wanaomlilia hakuna aliyemwuliza."

"Usithubutu!" Kwa mara ya kwanza Twaha alipandisha sauti. "Barazani lazima watakuuliza kama mjane ameumia. Sasa hivi utajibu 'sijui', na bangili itabaki buluu kwa sababu kweli hujui. Ukizungumza naye utajua. Na ukishajua wewe, bangili nayo imejua."

Kana kwamba mjane ameitwa, simu ya Osmunda ikaanza kulia mezani. Jina likajiandika: Paskalina Kikoti, Mafinga. Namba zao zote zilikuwa kwenye daftari la wakazi wa mji, na ya Osmunda ilikuwa wazi kwa mkazi yeyote mwenye shida.

Simu ikalia mpaka ikakatika. Ikalia tena. Eliakimu hakugeuka. Twaha alikuwa akikunja karatasi ambayo haikuhitaji kukunjwa. Osmunda alinyoosha mkono, na mpaka leo ukimwuliza atakuambia alikuwa ananyoosha ili apokee, lakini mkono uliigeuza simu kifudifudi na kuiacha hapo. Alijiona mwoga, na alikuwa mwoga.

Mchana alivaa miwani akaingia Njiapanda. Baraza lilikuwa limeagiza Nduna azuiwe, kwa hiyo mafundi wakamfungia ndani ya ghala la nafaka nyuma ya soko. Alikuwa ameketi juu ya gunia, kichwa kinang'aa hata gizani.

"Mama!" akasema. "Wahehe wameniweza. Walishindwa kwa mikuki wakaja na makufuli."

Osmunda alicheka kidogo.

"Nimekosea wapi?" Nduna akauliza. Hapo hakuwa anatania. "Nimepiga hesabu zangu zote. Palikuwa na kilio, palikuwa na Mhehe. Nilikwenda."

"Hukukosea."

"Basi utawaambia."

Osmunda akanyamaza. Nduna alikuwa amelelewa na yeye, kwa hiyo aliujua ukimya wake kuliko mtu yeyote. Akasogea mbele kwenye gunia.

"Yule mjane, mama. Ulimwona? Nilipolala mle ndani, nikatazama juu, alikuwa ame..."

"Usiniambie!"

"Lakini ali..."

Osmunda akaing'oa miwani usoni, mkanda ukamkwaruza sikio. Akajikuta amekaa ofisini kwake, anahema, ameishika miwani kifuani. Kule ndani, mzee wa watu alikuwa amebaki na sentensi yake mdomoni.

3

Ukumbi wa Baraza ulikuwa umejaa. Waliokuja kwa miguu walikaa vitini, na waliokuja kwa miwani walionekana kwenye kuta, safu juu ya safu, nyuso za watu ambao wengine hawajui Iringa iko wapi. Mwenyekiti wa Baraza alikuwa mama mtu mzima mwenye haraka. Akatoa nafasi ya kwanza kwa mashabiki, na akasimama msichana mmoja aliyejulikana Njiapanda kwa jina la Malkia wa Sinza.

Osmunda alikuwa amejiandaa kumchukia. Ikawa vigumu. Msichana alikuwa anatetemeka.

"Mimi Mzee Kikoti alinifundisha kujenga nyumba yangu ya kwanza mle mjini," akasema. "Nilipofeli mtihani nilimwambia yeye kabla ya baba yangu. Halafu siku ya msiba wake nimekaa pale nalia, linakuja hilo lidude lenu linaongea kwa sauti yake kwamba mke wake hajui kupika. Na tukilalamika mnatuambia usiku wa giza! Mimi sina wazee wa kuwauliza, dada. Niliyekuwa namuuliza ndiye huyo mliyemchezea. Nataka kujua kitu kimoja tu. Kuna mtu alikaa akapanga tukio lile, au ni mashine iliharibika?"

Ukumbi ukapiga makofi. Osmunda akasimama, bangili mkononi. Kwa muda mfupi alitaka kushuka jukwaani, akae karibu na yule binti, amwambie: njoo nikueleze mjomba wangu alivyozikwa. Angeelewa. Mtoto anayelia vile anaelewa. Lakini kwenye safu ya mbele walikuwa wameketi wafanyakazi wenzake, wamevaa nguo zao za Jumapili, na mmoja wa wachoraji alikuwa amefumba macho kama anayesali.

"Hakuna mtu yeyote katika karakana yetu," Osmunda akaanza, "aliyemwagiza Nduna aende kwenye matanga ya marehemu Kikoti."

Buluu. Ukumbi mzima ulikuwa unatazama mkono wake, wala si uso.

"Hakuna aliyemwagiza aigize sauti ya marehemu. Kwa mujibu wa sheria, Nduna ni mashine. Alifanya jambo ambalo sisi hatukulipanga."

Buluu, buluu, buluu.

"Kwa hiyo ni hitilafu?" Mwenyekiti akauliza.

Twaha alikuwa ameshaishona na hiyo, Osmunda akaitamka. "Baraza lenye mamlaka likiita hitilafu, karakana haitapinga."

"Mjane aliumia?"

"Sijui," Osmunda akasema, na bangili haikubadilika. Hakuna aliyeuliza kwa nini hajui.

"Una la kuwaambia wakazi?"

Hapa Twaha alimwachia nafasi. Alikuwa amemweleza asubuhi ile: radhi haishonwi, radhi lazima mtu aisikie mwenyewe, la sivyo bangili inamwaibisha. Osmunda alimtazama Malkia wa Sinza. Akafikiria simu iliyolala kifudifudi. Akamfikiria Nduna juu ya gunia.

"Naomba radhi," akasema, na machozi yakamtoka bila kuitwa. "Naomba radhi kutoka moyoni kwa kilichotokea."

Bangili ikang'aa buluu kuliko ilivyowahi kung'aa siku nzima. Alijuta kweli, hata ungempima kwa mizani ya dhahabu. Bangili haiulizi unajutia nini. Ukumbi ukasimama, ukapiga makofi, na kwenye kuta nyuso zikaanza kulia pamoja naye. Malkia wa Sinza alikuja akamkumbatia, akamwambia asante kwa kuwa mkweli. Osmunda alisimama ameshikwa vile, mikono yake haijui iende wapi.

Hukumu ilitoka palepale. Karakana ilibaki na leseni. Nduna akafutwa jioni hiyo hiyo, na fundi aliyemfuta alisema hakuchukua hata muda wa kuchemsha chai. Baraza likaongeza agizo kwa michezo yote: kuigiza marehemu msibani ni marufuku. Magazeti, kwa kupenda mkato, yakaandika: SERIKALI YAPIGA MARUFUKU UTANI MSIBANI.

4

Wiki iliyofuata Osmunda alikwenda Mafinga bila kumuaga mtu. Aliuliza kwa Kikoti, akaelekezwa kwenye yadi ya mbao kandokando ya barabara kuu, yenye harufu ya msonobari mbichi. Mwanamke mnene, mweusi tii, amejifunga kanga ya msiba juu ya gauni la kazi, alikuwa akipima mbao kwa futi, kalamu ya risasi imechomekwa nyuma ya sikio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Paskalina alimtazama toka juu mpaka chini. "Ngonyani. Kule barazani ulionekana mrefu."

Alimkaribisha kwenye benchi, akamtuma mtu alete chai. Hakuwa na haraka ya kusema, na hilo lilimtesa Osmunda zaidi ya matusi yote ya mtandaoni.

"Nilikupigia," Paskalina akasema hatimaye. "Mara mbili."

"Niliona."

"Nilijua uliona. Simu ikilia hivyo mpaka mwisho ujue mwenyewe ameketi mbele yake." Akapuliza chai. "Nilitaka kukuambia uwaambie wale watoto kwamba nilikuwa nacheka. Walivyoona kanga, wakadhani kilio. Nilicheka, mama wee, mpaka nikakojoa kidogo, sikufichi. Gaudensi miaka yote ananisema chumvi! Tangu alazwe mpaka azikwe, mimi watu walikuwa wananitembeza kama yai. Pole, pole, pole. Akaja yule kipara na kelele zake, nikasema, ahaa, basi kuna mtu anatujua. Kuna Mngoni mahali fulani kakaa, kajua Mhehe kafa, kasema ngoja niwatumie mtani."

"Ndivyo ilivyokuwa," Osmunda akasema. Maneno yalimtoka kwa haraka, kama mtu anayekimbilia basi. "Mimi ndiye niliyemlea, mama. Nilimfundisha aje. Siyo siku ile, lakini ndicho nilichomfundisha: penye kilio cha Mhehe aende. Nilikusudia. Naapa kwa baba yangu, nilikusudia."

Paskalina akautazama mkono wa Osmunda, mahali pa bangili ambapo palikuwa wazi sasa, kisha akamtazama usoni.

"Kule uliulizwa hilo hilo. Na yule binti aliyekuuliza alikuuliza vizuri, kwa adabu. Hukusema."

"Wangefunga karakana. Kuna watu wana watoto..."

"Sikatai. Mimi ninaajiri watu, najua." Paskalina aliweka kikombe chini. "Lakini mtani haombi radhi, Ngonyani. Wewe unalijua hilo kuliko mimi. Mtani akiomba radhi, maana yake alikuwa anatukana. Mume wangu alikuwa ametaniwa, akazikwa vizuri. Ulipoomba radhi, ndipo alipotukanwa. Na mimi nikageuka mjane aliyechekelea mumewe akitukanwa. Shemeji zangu hawanisemeshi."

Nje ya yadi lori lilikuwa linapakia mbao, na utingo alikuwa akiimba.

"Jumamosi tunaanua matanga," Paskalina akaendelea. "Mwisho wa msiba watani lazima waje, bila hivyo msiba haujaisha. Tunaye Mngoni wetu hapa, Haule, muuza vitunguu, kila msiba wa Kihehe mji huu yumo. Nimemwita, kakataa. Anasema kasoma gazetini, serikali haitaki tena, na wenyewe Wangoni wa kwenye mchezo wameshaomba radhi mbele ya dunia, yeye ni nani abishe."

"Nitakwenda kuzungumza naye."

"Umwambie nini? Kwamba ulichosema kule siyo?" Paskalina alitikisa kichwa. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, uchovu wa mtu aliyebakiwa na kazi ya mtu mwingine. Akakaa vizuri kwenye benchi, akaikaza kanga kichwani, akamgeukia Osmunda mzima mzima kama mtu anayejiandaa kupigwa picha.

"Basi nitanie wewe," akasema. "Wewe si Mngoni? Mimi Mhehe, nimefiwa, nimekaa hapa mbele yako. Na Gaudensi unamjua, miaka yote umemwona akikimbia darajani. Anza."

Osmunda akavuta pumzi. Visa vyote vya wajomba zake vilikuwapo, nani hula mbwa na nani hula panya na vita vilivyokimbiwa, vyote viko kwenye ncha ya ulimi. Alimtazama mwanamke yule mnene aliyekuwa akimsubiri, mdomo umeshaanza kujikunja pembeni kwa kicheko ambacho kilikuwa tayari kutoka, kinangoja neno moja tu la kukifungulia. Osmunda akafungua mdomo.

"Samahani, mama," akasema.

Paskalina aliendelea kumtazama kidogo, mdomo ukarudi mahali pake.

"Haya," akasema. Akachomoa kalamu ya risasi nyuma ya sikio, akainuka kwenda kumalizia kupima mbao.